Kumbe Redio Ilizaliwa Dukani!

Kaa kitako nikusimulie jinsi nilivyoshindwa katika ubishi na mjomba wangu, na jinsi ubishi huo ulivyonipeleka mbali, hadi katika duka moja la nchi za watu ambalo leo halipo tena.

Muhula wa pili chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala kuhusu vyombo vya habari. Niliinuka, nikasafisha koo, nikatangaza kwamba redio ilianzishwa na serikali ili raia wapate habari na mafunzo. Makofi yalinguruma. Nikaketi nikiwa nimeumuka kama andazi. Likizo ilipofika nikaenda Voi kumsaidia mjomba dukani. Anauza vyombo vya umeme karibu na steji: balbu, pasi, tochi, chaja za simu, na redio. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, na kabla sijaketi nikaanza kumhadithia ushindi wangu. Alicheka hadi akashika kaunta.

"Serikali? Mpwa wangu, redio ni bidhaa kama sufuria. Umeona wapi serikali ikianzisha sufuria? Redio ilianzishwa na wenye maduka."

"Si kweli, mjomba."

"Haya, kasome. Ukipata ni serikali, nakupa hiyo redio ndogo bure."

Basi nikasoma. Niliwasumbua mwalimu wa Historia na mwalimu wa Fizikia mpaka wakawa wakiniona mlangoni wanatafuta njia nyingine ya kutokea. Redio ile sikuipata. Mjomba hakuwa na haki yote, lakini alikuwa na haki kunishinda mimi.

Kwanza tuelewane. Mitambo ya kupeleka ujumbe bila waya ilikuwapo kabla ya mwaka 1920. Wazee wetu waliiita simu ya upepo, na jina hilo linaeleza kazi yake barabara: ilikuwa simu. Meli iliita bandari, bandari ikaitika meli. Mtu mmoja anasema, mwingine anasikia na kujibu, mara nyingi kwa alama za Morse, ti-ti-taa. Kulikuwa pia na vijana na mafundi waliojiundia mitambo nyumbani kwa kuipenda tu, wakizungumza wao kwa wao usiku. Wazo kwamba mama aliye jikoni, asiyejua koili wala antena, anaweza kununua kisanduku na kusikiliza tu bila kujibu, halikuwa limekaa vichwani mwa wafanyabiashara. Ni nani angenunua? Angesikiliza nini?

Hapo ndipo anapoingia bwana mmoja aliyeitwa Frank Conrad. Aliishi Wilkinsburg, kitongoji cha jiji la Pittsburgh, Marekani, jiji lililosifika kwa viwanda vya chuma. Nilimpenda Conrad mara moja kwa sababu masomo yake yaliishia darasa la saba. (Walimu wangu, msikasirike!) Aliingia katika kampuni ya umeme ya Westinghouse mwaka 1890 akiwa na miaka 16, kama kibarua wa karakana, akapanda cheo hadi akawa mmoja wa wahandisi wakuu. Husimuliwa kwamba redio aliianza kwa sababu ya dau la dola 5. Alibishana na mwenzake saa ya nani ni sahihi zaidi, basi akajiundia kipokezi ili anase ishara za saa zilizokuwa zikitumwa na kituo cha jeshi la majini. Ubishi tu! Nilipofika hapo nilimkumbuka mjomba.

Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwezi wa Aprili 1917, serikali ilifunga mitambo ya watu binafsi. Mwaka 1919 ikafunguliwa tena, naye Conrad akarudi gerejini mwake kufanya majaribio. Kuzungumza peke yake mbele ya kipaza sauti kulimchosha. Akaona heri asogeze gramafoni karibu na kipaza sauti, aweke santuri, muziki uende hewani, huku yeye akishughulika na nyaya zake. Kumbe kuna watu walikuwa wakisikia! Barua zikaanza kumjia: tafadhali tuchezee wimbo fulani saa fulani. Wewe msomaji unayejua vipindi vya salamu na kadi za salamu zilizokuwa zikiandikwa hapa kwetu, unaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Maombi yalipomlemea, akatangaza saa maalumu, Jumatano na Jumamosi jioni, muda wa saa mbili. Hicho tayari ni kipindi, ingawa yeye hakukiita hivyo.

Santuri zake zikaisha. Basi duka moja la muziki pale Wilkinsburg likakubali kumwazima nyingine, kwa sharti kwamba ataje hewani zilikotoka. Mwenye duka akagundua jambo: santuri zilizochezwa na Conrad ziliuzwa kuliko zile ambazo hazikuchezwa. Tafadhali liweke jambo hilo akilini.

Sasa tufike kwenye duka lenyewe. Msomaji, usifikirie supamaketi ambamo unasukuma kikapu na kulipa mlangoni. Maduka haya yalikuwa jengo zima la orofa, kila sehemu na bidhaa zake na wahudumu wake: hapa viatu, kule samani, juu mapazia, chini vyombo vya jikoni. Mwenye duka alitaka mtu aingie kununua soksi atoke na kabati. Kwa hiyo maduka hayo yalipenda sana maajabu ya kuvuta watu. Kwa mfano, duka la Wanamaker huko New York lilikuwa na kituo cha simu ya upepo hata kabla Titanic haijazama mwaka 1912. Kijana David Sarnoff, ambaye baadaye alikuja kuwa mkubwa wa kampuni ya RCA, alikuwa mwendeshaji pale. Baadaye alijigamba kwamba yeye peke yake alikesha akipokea habari za ajali ile. Wanahistoria wanasema alitia chumvi. Yaelekea chumvi ya redio haikuanza leo.

Jijini Pittsburgh duka la aina hiyo liliitwa Joseph Horne. Mnamo mwaka 1920 liliweka kipokezi cha redio ndani ya duka ili wateja waje wajionee, au tuseme wajisikilie. Alhamisi moja usiku, kama saa nne, kipokezi hicho kikanasa muziki wa Conrad kwa muda wa dakika 20: nyimbo mbili za okestra, mwimbaji wa kike mwenye sauti nyembamba ya juu, na masimulizi ya kitoto. Tarehe 29 Septemba 1920 duka likatia tangazo katika gazeti la Pittsburgh Sun likieleza hayo yote, na anwani ya Conrad ikatajwa. Mwishoni kabisa likaongeza neno la kibiashara: vipokezi kama hivyo vinauzwa hapa, kuanzia dola 10, katika orofa ya chini ya ardhi, upande wa magharibi.

Chini ya ardhi! Nimelifikiria sana jambo hilo. Bidhaa ambayo ingekuja kukaa katika kila sebule ya dunia haikupewa dirisha la mbele wala orofa ya samani. Iliwekwa chini.

Lakini lilikuwa limetokea jambo jipya. Tangazo halikusema njoo ununue nyaya ukajiundie. Lilisema kuna muziki hewani, na ukitaka kuusikia, kisanduku hiki hapa, bei yake ni hii. Mtu mmoja aliyelisoma alikuwa Harry P. Davis, makamu wa rais wa Westinghouse, yaani mkubwa wa Conrad kazini. Vita vilikuwa vimekwisha, na zile zabuni za kuundia jeshi mitambo ya mawasiliano zilikuwa zimekauka. Davis alipoona tangazo la Horne aliona kitu ambacho hata Conrad mwenyewe hakukiona: kama duka linaweza kuuza vipokezi kwa sababu ya muziki wa mtu mmoja gerejini, je, kampuni ikitoa muziki kila siku, vipokezi vingapi vitauzwa? Mwaka 1928 alieleza mwenyewe katika mhadhara huko Harvard jinsi tangazo hilo la duka lilivyompa wazo. Alimwita Conrad akamuuliza kama anaweza kujenga kituo halisi kabla ya uchaguzi wa urais, yaani mwezi mmoja na siku chache. Conrad akasema naam.

Leseni ilitolewa tarehe 27 Oktoba 1920, na kituo kikapewa jina la KDKA. Mitambo yake, yenye nguvu ya wati 100, iliwekwa katika kibanda juu ya paa la kiwanda. Wati 100, wenzangu, ni nguvu ya balbu moja ya zamani! Usiku wa tarehe 2 Novemba matokeo yakawa yakipokewa kwa simu kutoka chumba cha gazeti, naye mtangazaji Leo Rosenberg akiyasoma hewani: Harding kura kadha, Cox kura kadha. Katikati walicheza muziki, na mara kwa mara mtangazaji aliwasihi watu waliomsikia watume ujumbe, maana hakuna aliyejua sauti inafika wapi. Na Conrad mwenyewe? Hakuwa kiwandani. Alikaa nyumbani Wilkinsburg kando ya mtambo wake, tayari kushika usukani ikiwa ule mpya utazimika. Haukuzimika. Harding alishinda, na waliokuwa na vipokezi walijua kabla ya gazeti la asubuhi.

(Hapa yupo atakayesema kwamba gazeti moja la Detroit lilikuwa limetangaza hewani miezi kabla, mwezi wa Agosti 1920. Ni kweli. Nani alikuwa wa kwanza ni ubishi usiokwisha. Hoja yangu ni nyingine: ni KDKA iliyoanzishwa kwa hesabu ya kuuza vipokezi, kwa sababu ya tangazo la duka.)

Baada ya uchaguzi KDKA iliendelea kila jioni. Mwezi wa Januari 1921 ilitangaza ibada moja kwa moja kutoka kanisani, na Agosti mwaka uo huo mchezo wa besiboli. Wanamuziki walipoletwa waimbe ndani ya chumba, sauti zilijirudia kama pangoni. Wakawapandisha juu ya paa ndani ya hema, na sauti ikawa safi ajabu. Kisha upepo mkali ukaja ukaling'oa hema. Unajua walifanya nini? Walilichukua lile hema wakalisimamisha ndani ya chumba. Ndiyo sababu hata leo kuta za studio hufunikwa vitu laini, visirudishe sauti.

Huenda unajiuliza, hizo redio za dola 10 zilifanyaje kazi, na umeme ulikuwa haujafika nyumba nyingi? Sikiliza uchawi huu. Kipokezi rahisi kabisa hakikuhitaji betri wala stima. Waya mrefu, yaani antena, unanasa mawimbi. Koili ya waya inachagua wimbi moja na kuyaacha mengine. Kisha kuna kipande kidogo cha jiwe linaloitwa galena, ambalo ni mawe ya risasi, na waya mwembamba sana unaoligusa, ambao kwa utani waliuita sharubu za paka. Mahali pale waya unapogusa jiwe, umeme hupita upande mmoja tu na kukataa kurudi. Hicho ndicho kinachotenganisha sauti na wimbi lililoibeba. Mwisho kuna vikombe viwili vya kuvaa masikioni. Nguvu yote ya kuvitikisa inatoka katika mawimbi yenyewe, basi sauti ni ndogo, ya mtu mmoja. Familia zilikuwa zikitia kimoja bakulini ili bakuli likuze sauti. Na lile sharubu la paka likiteleza kidogo tu, kimya! Unaanza upya kulitafuta doa zuri juu ya jiwe, huku wimbo unakwenda zake.

Nilijaribu kujiundia kimoja. Badala ya jiwe nilitumia dayodi ambayo fundi wa redio aliing'oa katika takataka zake akanipa bure, na koili nikaizungusha kwenye chupa ya plastiki. Antena niliifunga kwenye mwarobaini nyuma ya bweni. Nilisikiliza kwa zile za simu za kuweka masikioni. Sikusikia hata nzi. Mwalimu wa Fizikia alinieleza makosa yangu mawili: zile za simu hazifai kwa umeme mdogo hivyo, na pili, vituo nilivyokuwa nikivitafuta viko katika FM, ambapo sauti hubebwa kwa njia nyingine. Kipokezi cha jiwe hufaa AM. Mwenzangu mmoja tangu siku hiyo ananiita Conrad. Sijakasirika.

Turudi dukani. Horne ilipofungua njia, maduka mengine yaliona, mbona tungoje kituo cha mwingine? Tuanzishe chetu! Mwezi wa Februari 1922 duka la Bamberger la Newark lilianzisha kituo cha WOR kwa sababu hiyohiyo ya kuuza redio. Mwezi uliofuata, jijini Philadelphia, duka la Gimbel na jirani yake Strawbridge & Clothier yalifungua vituo vyao karibu siku moja, na kabla ya mwaka kwisha Wanamaker na Lit wakawa na vyao. Maduka manne ya jiji moja, kila moja na redio yake! Hebu wazia maduka makubwa ya Nairobi, moja juu ya jingine, kila moja likiimba hewani ili umpite jirani yake. Mwisho wa 1922 Marekani ilikuwa na vituo zaidi ya 500. Mauzo ya vifaa vya redio nchini humo yalipanda kutoka dola milioni 60 mwaka 1922 hadi milioni 358 mwaka 1924.

Sasa, fikiri nami. Mwenye duka anatoa muziki bure ili uuziwe kisanduku. Ukishanunua kisanduku, na jirani yako akanunua, na mtaa mzima ukawa na visanduku, duka litaendelea kumlipa mwimbaji kwa faida gani? Swali hilo liliwakaba koo. Jibu moja lilitoka New York tarehe 28 Agosti 1922, pale kituo cha WEAF kilipouza muda wake kwa kampuni iliyokuwa ikiuza nyumba za kuishi. Msemaji wake alieleza hewani raha ya kuhamia nyumba hizo mbali na msongamano, na kampuni ikalipia dakika zake. Hilo tangazo la kulipia ndilo babu wa matangazo yote ya sabuni na unga tunayosikia. Waingereza walichagua njia nyingine: BBC ilipoanza mwezi wa Novemba 1922, msikilizaji alilipa leseni ya shilingi 10 kwa mwaka. Hata hivyo nao hawakuliepuka duka. Mwaka 1925 mtambo wa kituo cha London, 2LO, ulihamishiwa juu ya paa la duka la Selfridges.

Na kwetu? Utangazaji ulifika Nairobi mwaka 1928, ukiwalenga walowezi wa Kizungu na baadhi ya Wahindi. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mteja. Lugha zetu ziliingia hewani kwa uzito wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipotaka familia za askari zipate habari za vita. Kwa hiyo katika mjadala ule sikuwa nimekosea kabisa. Kwetu Waafrika wa Kenya, serikali ndiyo iliyotuletea sauti. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichotokea kwetu ndicho kilichotokea kila mahali.

Nilipomweleza mjomba haya yote hakunicheka. Aliuliza swali moja tu la kibiashara: "Na hilo duka la Horne, liko?"

"Halipo mjomba. Jina lake liliondolewa mwaka 1994."

"Na ile redio ya kiwandani?"

"KDKA bado inatangaza."

Akanyamaza, akapangusa kaunta iliyokuwa safi. Zamani, aliniambia, ukuta mzima wa duka lake ulikuwa redio. Siku hizi watu wanakuja kutaka chaja, maana redio imo ndani ya simu. Rafuni zilikuwa zimebaki mbili, na alikuwa amenuia kwamba zikitoka hataagiza nyingine. Hata hivyo kila asubuhi, kabla hajafagia, anaiwasha moja. Nilipomuuliza sababu alinijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini maji ni mepesi: "Redio iliyonyamaza nani ataijua ni nzuri?"

Siku yangu ya mwisho pale aliingia mzee mmoja aliyeshuka matatu ya kutoka Taveta. Akaielekeza bakora kwenye ile ndogo, ile niliyoahidiwa. Mjomba akaifuta vumbi, akaitia betri mpya, akaikokota sindano polepole, kwaa, kwaa, mpaka sauti ya mtu ikatoka ikisoma habari. Mzee aliinamisha sikio, akasimama palepale hadi habari zikaisha. Kisha akauliza bei.